Nahamia Malindi na familia: nitaujuaje mtaa wenye mchanganyiko wa kweli?

Msomaji anauliza: "Mimi ni muuguzi, nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Nakuru kuja Malindi. Mimi na mume wangu si wa kabila moja, na watoto wetu wawili wamekulia kwenye ploti ambayo kila mlango una watu wa kabila tofauti. Tungependa waendelee kuishi hivyo. Wenzangu walioko Malindi wananishauri nitafute nyumba karibu na wabara wenzangu, hasa kwa ajili ya wakati wa uchaguzi. Dalali naye ananivuta Casuarina, anasema huko kuna watu wa mataifa yote. Mtaa upi una mchanganyiko wa kweli, na nitaujuaje kabla sijalipa dipoziti?"

Jibu

Karibu Malindi, dada, wewe na shemeji na watoto. Wengi wanaohamia huku huniuliza kodi, maji na nauli ya tuktuk. Wewe umeuliza watoto wako watakua na nani. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu katika kazi yangu ya mipango ya miji nimeona familia nyingi zikipata nyumba nzuri na kukosa majirani.

Nianze na dalali wako. Hakudanganyi anaposema Casuarina ina mataifa yote. Waitaliano walianza kuijua Malindi miaka ya 1960, nchi yao ilipoweka jukwaa la kurushia setilaiti baharini kule Ngomeni, kaskazini mwa mji. Ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Watalii wakafuata, kisha hoteli, kisha nyumba za likizo kando ya ufuo. Leo barabara ile ukiipita utaona majina ya Kiitaliano kwenye mageti, na kati yake nyumba za Wakenya wenye uwezo wa kutoka kila pembe ya nchi.

Ila jiulize nani anakutana na nani. Kila nyumba ina ukuta, ukuta una geti, na getini kuna askari aliyetoka Ganda au Magarini kwa baiskeli alfajiri. Wenye nyumba wengi huja msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na wengine Agosti. Mvua za masika zikianza, nyumba hufungwa na mtaa hubaki na askari na wakata majani. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa jamii tofauti wakikutana, dhana mbaya hupungua pale hadhi yao inapokuwa sawa, wanaposhirikiana kwa lengo moja, na mamlaka zinapowaunga mkono. Askari na mwenye geti wanaonana kila siku, lakini hadhi sawa haipo na lengo la pamoja halipo. Mwanao atajifunza pale kwamba Mgiriama ni mtu wa kufungua geti, na mimi sitaki mtoto yeyote akue na somo hilo, tena hapa katika nchi ya Wagiriama wenyewe.

Wenzako wa kazini wana hoja nyingine, na siidharau. Wanaokumbuka Likoni mwaka 1997, wabara waliposhambuliwa, au yaliyoikuta nchi baada ya uchaguzi wa 2007, wana sababu ya kutaka kulala karibu na mtu wa kwao. Hata hivyo angalia inavyokuwa kila mtu akifanya vivyo hivyo. Mwaka 1971 mwanauchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alipanga sarafu za aina mbili kwenye ubao wa miraba kama wa drafti. Kila sarafu aliiwekea sharti dogo: itulie mradi sehemu fulani ya majirani zake ni wa aina yake, hata kama hawafiki nusu, wakipungua, ihame. Hakuna sarafu iliyowachukia wengine. Lakini baada ya kuhamahama, ubao wote uligawanyika, hawa upande huu na wale upande ule. Ndivyo mtaa wa wabara unavyoundwa Malindi pasipo mtu kukusudia. Muuguzi mmoja anamwambia mwenzake kuna chumba kinabaki wazi, mwenzake anamwita binamu, na baada ya miaka michache watu wanasema "kule ni kwa wabara" kana kwamba ni sheria. Singapore waliona hatari hiyo, na tangu 1989 serikali yao imeweka kiwango cha juu cha kila jamii katika kila jengo la nyumba za umma. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Mchanganyiko wa Malindi unategemea uamuzi wa familia moja moja, kama huu wako.

Kwa habari ya uchaguzi, usiulize mtaa una kabila lako wangapi. Tafuta wapangaji waliokuwepo 2007, 2013, 2017 na 2022, uwaulize usiku wa kusubiri matokeo walikaa wapi na nani aliwagongea mlango kuwajulia hali. Mtu aliyepitia jambo hilo halisahau, naye atakutajia nyumba kwa nyumba. Mzee wa mtaa naye mwendee, na jirani wa Nyumba Kumi, kabla hujaonana na mwenye nyumba. Mzee wa mtaa anayejua migogoro ya watu wake na jinsi ilivyosuluhishwa atakueleza bila kuzunguka. Asiyejua lolote, huenda mtaa wenyewe haumtambui.

Sasa nije kwenye kuutambua mtaa, na hapa nitakaa kidogo.

Nenda mwenyewe, kwa miguu, saa 12 jioni, ukasimame kwenye duka la mtaani ununue kitu kidogo. Usiwe na haraka. Wakati huo watu wanarudi kazini na mapishi yanaanza, kwa hiyo dukani wanapita wote: mtoto aliyetumwa mafuta ya kupima, mama anayetaka nusu kilo ya unga, fundi anayenunua sigara moja. Tazama daftari la madeni lililo karibu na mizani. Mwenye duka huandika humo watu anaowaamini, na imani ya mtaa yote imo mle. Nimesimama kwenye duka la namna hiyo Barani, mwenyewe ni mtu wa asili ya Hadhramaut kule Yemen, na ukurasa mmoja ulikuwa na majina ya Kigiriama, ya Kibajuni, ya Kikamba na ya Kijaluo, kila mmoja na deni lake la sukari na mkate. Kuna maduka mengine ambayo daftari lina watu wa aina moja tu, na wengine wote wanalipa taslimu. Ukiuona mtaa wa namna hiyo, utakuwa umeona mchanganyiko wa kupita barabarani tu.

Kisha uliza kuhusu misiba. Huku Pwani, msiba unaonyesha kila kitu. Mwislamu akifariki huzikwa haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, na majirani hawana muda wa kujipanga: ama wapo ama hawapo. Mgiriama huwa na matanga ya siku kadhaa nyumbani kwao. Mtu wa bara akifariki, kinachofuata ni vikao vya jioni vya kuchanga pesa za kusafirisha maiti hadi Siaya au Machakos, vikiwa na viti vya plastiki vilivyopangwa nje ya ploti na karatasi ya michango inayozunguka. Muulize mwenyeji wako: kikao cha mwisho alikaa nani? Kama karatasi ile ilikuwa na majina ya watu wa kabila la marehemu peke yao, basi watu wanaishi pamoja lakini bado hawajawa wa kufa kuzikana. Kama mama wa Kibajuni alileta chungu cha chai na mwenye nyumba Mgiriama akatoa viti, hapo umefika.

Jambo la tatu ni aina ya nyumba, na watu wengi hawalifikirii. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma ua wenye choo, bafu, jiko na kamba za kuanikia nguo. Mbele kuna baraza. Vyumba hupangishwa kimoja kimoja, kwa hiyo chini ya paa moja utakuta dereva wa bodaboda, mwalimu wa madrasa, mama anayekaanga viazi karai na kijana wa hoteli. Wanagawana umeme wa tokeni, wanapangiana zamu ya kuosha choo, wanagombana kuhusu maji yaliyomwagwa, na jioni wanapikia ua mmoja. Hakuna mpango wa serikali unaoweza kuwaleta watu karibu kiasi hicho. Huenda wewe, kwa sababu ya watoto na zamu za usiku, utataka nyumba yenye choo ndani na mlango wako mwenyewe. Sawa kabisa. Ila itafute kwenye mtaa ambao nyumba za namna hii bado zimesimama kati ya flati, na ambao wenye nyumba wenyewe wanaishi humo humo. Mtaa wa wapangaji watupu hubadilika watu kila msimu. Hoteli zikipunguza wafanyakazi kuanzia Aprili, vyumba hubaki wazi, na rafiki aliyepata mwanao Januari anaweza kuwa amerudi kwao Kitui kufikia Juni. Kwa hiyo, ukiweza kuja kutazama nyumba, njoo wakati wa masika, uwaone wanaobaki.

Shule nayo ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukimpeleka mtoto shule ya kibinafsi ya mbali, basi litamchukua mlangoni kabla ya jua kuchomoza na kumrudisha jioni amechoka, na mtaa wote atauona kupitia dirisha. Simama nje ya shule ya msingi ya karibu wakati wa kutoka uone nani anatembea na nani kurudi nyumbani. Watoto wa Kiislamu wengi huingia madrasa alasiri, kwa hiyo mpira wa mtaani huanza wakitoka huko. Mwanao akiwasubiri, atakuwa na timu.

Umeniuliza mtaa upi. Nitakupa maoni yangu, nawe ukayapime kwa njia nilizokueleza.

Shela ni mji mkongwe kando ya bahari, na kwa asili una watu wa kila namna: Waswahili, Wabajuni, wenye asili ya Uarabuni, na wajukuu wa watu waliowahi kutumikishwa mashambani. Lakini dini ni moja, nyumba nyingi ni za urithi, na chumba cha kupanga hupatikana kwa kujulikana. Utapokewa kwa heshima, ila kwa familia ya Kikristo inayotaka mchanganyiko wa dini pia, si pa kuanzia. Maweni na Kisumu Ndogo zina makabila mengi sana, na watu wake wanajua kusaidiana, lakini msongamano ni mkubwa na mvua kubwa ikinyesha maji hayana pa kwenda. Kwa mtu anayetoka zamu saa 2 usiku na kurudi na watoto wadogo, nisingeweza kukupeleka huko bila kukwambia hivyo. Mimi ningeanza kutazama Barani na Muyeye, zile sehemu ambazo nyumba ya mwenyeji, vyumba vya kupanga na flati mpya viko kwenye njia moja, msikiti na kanisa haviko mbali, na unaweza kufika kazini kwa tuktuk moja. Kama mna gari na mnapenda utulivu, Mambrui ng'ambo ya mto Sabaki ni mji wa kale wenye watu wema, ingawa mchanganyiko wake ni mdogo kuliko wa Malindi mjini.

Popote utakapochagua, uliza maji. Visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi, maji ya bomba huja kwa zamu, na ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe yanayopitisha uchafu wa choo hadi kisimani haraka. Maji yanahusu swali lako moja kwa moja. Mtaa ukikosa maji, wenye uwezo huhama wa kwanza, na mchanganyiko wa kipato hufa kabla ya ule wa kabila.

Kuna jambo moja utakalolisikia mapema, na ningependa likukute ukiwa tayari. Mtu atasema mbele yako kwamba ardhi ya Pwani imeliwa na wageni. Usidhani anakufukuza. Malindi ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, ikawa mji wa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa rasmi mwaka 1907. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya kusajili ardhi ya ukanda wa Pwani, na waliopata hati wengi wao walikuwa wenye mashamba. Wagiriama na watu waliotoka utumwani wakabaki maskwota kwenye ardhi waliyoilima. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama mwaka 1913 kupinga kodi na kazi ya kulazimishwa, na mwaka uliofuata wakapigwa vita na kuamriwa kuondoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Baada ya Uhuru viwanja vya ufuoni vikaangukia mikononi mwa wakubwa na wageni wenye pesa. Jirani yako akilisema jambo hilo, msikilize hadi mwisho. Anazungumzia babu yake. Mbara anayekaa kitako barazani na kusikiliza historia hiyo bila kujitetea hupata nafasi ambayo pesa ya kodi haiwezi kumnunulia.

Mchanganyiko una usumbufu wake pia. Adhana ya alfajiri itakuamsha mwanzoni, hata ukiwa umetoka zamu ya usiku. Kanisa la jirani likiwa na kesha la Ijumaa, spika zitafika kwako. Kama kuna mangwe, yaani kilabu cha pombe ya mnazi, karibu, nenda ukaione jioni ya mwisho wa mwezi kabla hujaamua. Uliza pia kuhusu disko matanga, maana ngoma hizo za usiku msibani zimewaharibia masomo wasichana wengi wa Kilifi, na ingawa serikali imezipiga marufuku mara kadhaa, kuna mahali bado zinapigwa. Mbwa usimfuge kabla ya kuzungumza na majirani Waislamu, hasa kama mnatumia ua au njia moja. Mwezi wa Ramadhani, watoto wako wakila nje mchana hakuna atakayewapiga, lakini wafundishe kula ndani. Jioni utaletewa sahani ya futari: kaimati, mbaazi za nazi, pengine kipande cha samaki. Sahani hiyo isirudi tupu. Weka chochote, hata maembe mawili, na umtume mtoto airudishe kwa mikono yake na kusalimia "shikamoo bibi" mlangoni. Mimi nimeona urafiki wa familia mbili ukianza na sahani ya bati iliyorudishwa na ndizi tatu, na familia hizo leo zinaachiana funguo za nyumba.

Mwenye nyumba akikuuliza kabila kabla ya kukuuliza kazi, ondoka kama unaweza. Fahamu pia kwamba sheria iko upande wako. Katiba ya 2010, Ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya kabila lake. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Sikuombi uanze maisha yako ya Malindi kwa kesi, lakini ni vizuri dalali ajue kwamba unajua.

Mwisho, kuhusu nyumba yenyewe. Huku kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: mtu amejenga kwenye kiwanja cha mwingine na anamlipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Ugomvi ukizuka kati yao, mpangaji ndiye anayekutwa na vitu vyake nje. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba waziwazi kiwanja ni cha nani, na jibu lake ulipeleke kwa mzee wa mtaa ulinganishe. Mwaka wa kwanza mpange tu, hata mkiletewa ploti ya bei nafuu kiasi gani. Ikiwa baadaye mtataka kununua, msilipe hata shilingi kabla ya kufanya upekuzi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi. Dipoziti iwe ya mwezi mmoja, mkataba uwe wa maandishi, uonyeshe bili ya maji inagawanywaje kati ya wapangaji na dipoziti inarudishwa ndani ya siku ngapi ukihama. Shemeji naye asibaki Nakuru siku ya kutazama nyumba, maana barazani wanaume watataka kumsikia yeye akizungumza, kama wanawake wa uani watakavyotaka kukusikia wewe.